Joseph Aspdin: Mwashi aliyetuachia saruji, na somo la sakafu isiyobanduka

Chukua mfuko wa saruji ulioko dukani kwako au ulioegemezwa kwenye banda lako la kuku, kisha usome maandishi yaliyochapwa juu yake. Mara nyingi utakuta neno Portland. Wapo wanaodhani hilo ni jina la kampuni, na wengine hudhani ni mji uliko mtambo. Ukweli ni kwamba neno hilo liliwekwa kwenye saruji na fundi mwashi mmoja wa Uingereza, Joseph Aspdin, aliyefariki dunia mwaka 1855. Hapa kwetu liliingia hata katika majina ya viwanda: kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, kilijengwa na kampuni iliyobeba neno hilo hilo.

Tumeona vyema kumweleza mtu huyu katika ukurasa huu kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake yana mafunzo mengi kwa mjasiriamali: mtaji, mbia, jina la bidhaa, siri ya kazi na ugomvi wa baba na mwana. Pili, siku hizi wenye gereji, maghala ya nafaka, vyumba vya kukamulia ng'ombe na karakana za kusaga unga wamevutiwa na rangi ya epoksi, ile inayopakwa juu ya zege ikawa ngumu na yenye kung'aa kama sahani. Ni rangi nzuri, lakini si rahisi kwa bei. Wengi wanaipaka, na baada ya miezi michache inabanduka kama ganda la kitunguu. Lawama zote humwangukia muuza rangi, wakati mara nyingi kosa liko katika sakafu yenyewe. Na sakafu ya zege haieleweki vizuri bila kuelewa kile alichokihangaikia Aspdin.

Mtoto wa mwashi

Joseph Aspdin alizaliwa mwaka 1778 katika mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, akabatizwa siku ya Krismasi ya mwaka huo. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto sita. Baba yake, Thomas, alikuwa mwashi katika kitongoji cha Hunslet, na Joseph alijifunza kazi hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, hakuwa mwanakemia wala msomi wa chuo kikuu. Alikuwa mtu wa mwiko na timazi.

Leeds ya wakati ule ilikuwa inakua haraka kwa biashara ya nguo za sufu. Viwanda vilijengwa, nyumba za wafanyakazi zikasimama safu kwa safu, mifereji na madaraja yakahitajika. Kazi za ujenzi zilikuwapo, lakini kitu cha kushikamanisha tofali kilikuwa na matatizo. Mafundi walitumia chokaa. Chokaa ya kawaida hukauka taratibu mno na haigandi ndani ya maji. Katika nchi yenye mvua nyingi na baridi, hiyo ilikuwa kasoro kubwa.

Wapo waliokwisha kuanza kulitafutia ufumbuzi tatizo hilo. Mmoja wao alikuwa mhandisi John Smeaton, mzaliwa wa Austhorpe, jirani kabisa na Leeds. Smeaton alipopewa kazi ya kujenga mnara wa taa juu ya mwamba wa Eddystone, katikati ya bahari, alifanya majaribio mwaka 1756 ili ajue ni chokaa ipi inayoganda majini. Aligundua kwamba chokaa iliyotokana na mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake ndiyo inayovumilia maji. Mnara wake uliwashwa mwaka 1759. Baadaye, mwaka 1796, James Parker alipata hataza ya saruji aliyoiita ya Kirumi, iliyochomwa kutoka kwenye mawe ya asili yenye mchanganyiko huo.

Tatizo la njia hizo ni kwamba zilitegemea bahati ya kupata jiwe la aina fulani. Asiye na jiwe hilo hakuwa na saruji. Swali lililobaki lilikuwa hili: je, mtu anaweza kuchukua chokaa ya kawaida na udongo wa mfinyanzi wa kawaida, akavichanganya mwenyewe na kupata kitu kile kile kila mara? Hilo ndilo swali la kibiashara, maana biashara haisimami juu ya bahati.

Majaribio na mashitaka

Aspdin alioa mwaka 1811, akiwa na miaka 32. Mkewe aliitwa Mary Fotherby. Kufikia mwaka 1817 alikuwa ameanza biashara yake mwenyewe katikati ya Leeds. Katika miaka hiyo akaendelea na majaribio yake ya kuchoma chokaa na udongo.

Malighafi ilimsumbua. Mawe ya chokaa yaliyofaa hayakupatikana kwa wingi karibu naye, ila yalitumika kutandaza barabara. Magari ya farasi yalipokuwa yakipita, mawe yale yalisagika na kuwa unga, na unga ule ulimfaa sana Aspdin kwa kuwa ulimpunguzia kazi ya kusaga. Lakini hakuishia kwenye unga. Mara mbili alifikishwa mbele ya sheria kwa kung'oa mawe mazima ya barabarani. Hatumsifu kwa hilo. Tunalitaja ili msomaji aone kwamba mtu huyu alianza katika hali ya uhaba, kama wengi wetu tunavyoanza.

Tarehe 21 Oktoba 1824, akiwa na umri wa miaka 45, Aspdin alipewa hataza na serikali ya Mfalme George wa Nne kwa njia yake ya kutengeneza jiwe la bandia. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Jiwe la chokaa lisagwe na kuchomwa. Chokaa inayopatikana ichanganywe na kiasi maalumu cha udongo wa mfinyanzi na maji mpaka iwe kama uji mzito. Uji huo ukaushwe, uvunjwe mapande, kisha uchomwe tena katika tanuri mpaka hewa ya ukaa itoke yote. Mwisho usagwe uwe unga. Hakutaja kipimo kamili cha udongo wala kiwango cha moto. Huenda alifanya hivyo kwa makusudi, kwani hataza inapotoa kila kitu huwa inamfundisha mshindani.

Jina linalouza

Hapa ndipo akili ya biashara ya Aspdin inapoonekana. Bidhaa yake aliipa jina la saruji ya Portland. Portland ni kisiwa kilichoko pwani ya kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Dorset, na jiwe lake jeupe lilikuwa na sifa kubwa kuliko mengine yote nchini humo. Kanisa kuu la St Paul's mjini London limejengwa kwa jiwe hilo. Smeaton naye alikwisha kuandika kwamba chokaa yake ya majini ingeweza kulingana na jiwe la Portland kwa ugumu.

Saruji ya Aspdin haikutoka Portland hata chembe. Ilitoka Leeds na Wakefield. Lakini mnunuzi aliposikia jina hilo, mara moja alipata picha ya jiwe gumu na la heshima. Mkulima anayefungasha asali yake katika chupa zisizo na jina, au mama anayeuza unga wa lishe katika mfuko mtupu, na atafakari jambo hili. Jina alilochagua mwashi mmoja limedumu karibu miaka 200, wakati wenye viwanda matajiri kuliko yeye wamesahaulika.

Mwaka 1825 alipata mbia mwenye mtaji, William Beverley, wakaanzisha kiwanda eneo la Kirkgate, Wakefield, kiasi cha kilomita 14 kutoka Leeds. Beverley alibaki Leeds na Aspdin akahamia Wakefield na familia yake ili asimamie tanuri mwenyewe. Mwaka huo huo akapata hataza nyingine, safari hii ya njia ya kutengeneza chokaa.

Biashara ikaenda, ingawa haikukosa misukosuko. Mwaka 1838 kampuni ya reli ya Manchester na Leeds ilichukua eneo la kiwanda kwa lazima ili kupitisha njia yake. Aspdin akahamisha vifaa vyake kwenye kiwanja cha jirani na kuanza tena. Mwaka huo huo hataza ya 1824 ilikuwa inamaliza muda wake, kwa kuwa hataza za Uingereza wakati ule zilidumu miaka 14. Kuanzia hapo yeyote angeweza kutumia njia yake bila kumlipa.

Baba na mwana

Aspdin alikuwa na watoto wawili wa kiume waliohusika na kazi hiyo. Mkubwa, James, alikuwa mtu wa hesabu. Mdogo, William, aliyezaliwa mwaka 1815, ndiye aliyekuwa akiendesha mtambo. William alikuwa na kipaji cha tanuri, lakini mwenendo wake wa fedha haukuwa mzuri.

Mwaka 1841 baba aliingia ubia na James. Wakati huo huo alitoa tangazo kwamba William ameondoka katika kampuni na kwamba kampuni haitawajibika kwa madeni yake. Kwa mzazi yeyote hilo ni jambo zito. Kumkana mwanao hadharani katika mji ambao kila mtu anakujua si jambo la kufurahia. Lakini mwenye biashara anaelewa: mwana anapokopa kwa jina la baba, wadai watakuja kwenye mlango wa baba. Aspdin alichagua kulinda kiwanda.

Mwaka 1844 alistaafu na kumwachia James sehemu yake. James alihamisha kiwanda kwenda Ings Road mwaka 1848, na kiwanda hicho kikaendelea mpaka mwaka 1900. Mzee Joseph alifariki nyumbani kwake Wakefield tarehe 20 Machi 1855, akiwa na miaka 76.

Huku nyuma, William alikwenda kusini. Mwaka 1843 alianzisha kiwanda Rotherhithe, London, na saruji aliyotoa huko ilikuwa na nguvu kupita ile ya baba yake. Siri ilikuwa moto. Katika matanuri ya zamani, sehemu iliyopata moto mkali kupita kiasi ilitoa madonge magumu yaliyoanza kuyeyuka na kushikamana. Madonge hayo yalisumbua kusaga na yalikula makaa mengi, kwa hiyo watengenezaji waliyahesabu kuwa yameungua na kuyatupa. William alitambua kwamba madonge hayo ndiyo bora. Yakisagwa, yanatoa saruji inayoganda mapema na kuwa imara. Leo viwanda vyote duniani huchoma mpaka kufikia nyuzi joto 1,450 hivi ili kupata madonge hayo.

William aliilinda siri yake kwa vituko. Inaelezwa kwamba alikuwa akipita juu ya tanuri na sinia za unga wa rangi rangi, akiumwaga juu ya mzigo ili wafanyakazi wadhani kuna dawa ya ajabu. Haikusaidia. Isaac Charles Johnson, meneja wa kiwanda cha jirani kule Swanscombe, alijaribu tena na tena mpaka naye akasaga madonge yaliyoungua na kuona matokeo. Johnson aliishi miaka 100, kuanzia 1811 hadi 1911, akaona saruji ikienea ulimwengu mzima. William alihama kutoka ubia mmoja hadi mwingine akiacha madeni, akakimbilia Ujerumani, na akafariki huko Itzehoe mwaka 1864.

Kwa vipimo vya leo, saruji ya mzee Joseph ilikuwa dhaifu. Wataalamu wanasema ilikuwa karibu zaidi na chokaa inayoganda majini kuliko saruji tunayonunua. Hata hivyo, wazo la kuchanganya malighafi mbili za kawaida kwa kipimo, kuzichoma na kuzisaga, na jina la kuliuzia wazo hilo, vilikuwa vyake.

Saruji haikauki, inaganda

Sasa tuingie kwenye sakafu yako. Jambo la kwanza ambalo kazi ya akina Aspdin inatufundisha ni kwamba saruji haigeuki jiwe kwa kukauka kama tope. Inageuka jiwe kwa kuungana na maji. Ndiyo maana inaganda hata ikiwa chini ya maji, na ndiyo maana fundi mzuri humwagilia zege kwa siku saba au zaidi baada ya kulimwaga. Ukilinyima maji siku za mwanzo, uso wake unabaki dhaifu na wa vumbi.

Lakini kuna maji ya kumwagilia baadaye, na kuna maji ya kuzidisha wakati wa kuchanganya. Hayo ya pili ni adui. Mwaka 1918, Duff Abrams wa Chicago, Marekani, alionesha kwa majaribio mengi kwamba kadiri maji yanavyozidi ukilinganisha na saruji katika mchanganyiko, ndivyo nguvu ya zege inavyopungua. Mafundi wetu wengi hupenda zege laini kama uji kwa sababu linasambazika kwa urahisi. Maji yaliyozidi hupanda juu na kubeba unga laini wa saruji na mchanga. Ukikauka, unakuwa utando mwembamba unaoonekana laini na mzuri, kumbe hauna nguvu.

Jambo la pili ni chokaa. Saruji inapoungana na maji, huzalisha chokaa ndani ya zege. Unyevu unapopita kutoka ardhini kuja juu, hubeba chumvi na chokaa hiyo mpaka juu ya sakafu, ndiyo ule unga mweupe unaouona ukutani na sakafuni.

Rangi ya epoksi hushika kile ilichokutana nacho. Ikikuta utando dhaifu, inashika utando, na tairi la gari lenye joto likisimama hapo rangi inanyanyuka pamoja na utando wake. Ikikuta mafuta ya gari, haishiki kabisa. Ikikuta unyevu unaosukuma kutoka chini, inafanya malengelenge. Ukitazama kipande kilichobanduka na kukuta unga wa saruji umeng'ang'ania mgongoni mwake, jua rangi ilifanya kazi yake. Sakafu ndiyo haikuandaliwa.

Hatua za kuandaa sakafu

Hatua ya kwanza ni umri. Zege jipya lisipakwe kabla ya siku 28 kwisha, na kama ni msimu wa mvua subiri zaidi.

Hatua ya pili ni kupima unyevu. Kata kipande cha nailoni angavu chenye upana wa sentimita 45 kila upande, kibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne pasiwe na upenyo, ukiache kwa saa 16 au zaidi. Ukikifunua na kukuta matone ya maji au zege limekuwa jeusi chini yake, unyevu unapanda. Rudia sehemu mbili tatu, hasa pembezoni. Sakafu iliyomwagwa juu ya udongo bila kutandikwa nailoni chini huwa na tatizo hili. Kama unyevu haukomi hata kiangazi, usipake epoksi ya kawaida. Ni afadhali fedha hiyo uitumie kwingine.

Hatua ya tatu ni kupima nguvu. Gonga sakafu kwa nyundo taratibu ukisikiliza. Mlio wa mtupu unaonesha lipu imeachana na zege la chini. Kwaruza kwa msumari. Kama msumari unachimba na kutoa vumbi jingi, sehemu hiyo itinduliwe na kujengwa upya. Hakuna rangi inayoponya zege bovu.

Hatua ya nne ni kuondoa mafuta, nayo ije kabla ya kukwangua. Ukianza kukwangua, unayasukuma mafuta ndani zaidi. Tumia dawa ya kuondoa grisi au sabuni kali na maji ya moto, sugua kwa brashi ngumu, suuza, rudia. Kisha dondoshea maji matone machache. Yakinyweka, ni vizuri. Yakisimama kama yaliyo juu ya jani la mgomba, bado kuna mafuta au dawa ya zamani iliyopakwa.

Hatua ya tano ni kuondoa ule utando. Njia bora ni mashine ya kusaga sakafu yenye meno ya almasi, ambayo katika miji mikubwa mafundi hukodisha. Sakafu iliyosagwa vizuri ukiipapasa inakwaruza kama karatasi ya msasa. Asiyepata mashine hutumia asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa, kwa kawaida sehemu moja ya asidi kwa sehemu tatu au nne za maji, ila maelekezo ya kwenye chupa ndiyo yafuatwe. Asidi ndiyo imiminwe ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani ya asidi, maana huruka na kuunguza. Vaa miwani, glavu za mpira na mabuti, fungua milango yote, na uondoe vyombo vya chuma kwani moshi wake huvitia kutu. Lowesha sakafu kwanza, kisha mwaga asidi kwa usawa. Ikitoa povu, inakula chokaa. Pasipo povu pana mafuta.

Povu likiisha, sugua na suuza kwa maji mengi, halafu pitisha maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali uliobaki, kisha suuza tena mpaka maji yatoke safi. Maji hayo yasielekezwe bustanini wala kwenye birika la mifugo. Kumbuka kwamba asidi haiondoi mafuta wala rangi ya zamani, na inaiachia sakafu maji ya kutosha. Siku kadhaa za kukausha ni lazima, na kipimo cha nailoni kirudiwe.

Hatua ya sita ni nyufa. Panua ufa kidogo, ondoa vumbi, ujaze kwa kijazio cha epoksi, kisha usawazishe kwa msasa. Ile mistari ya makusudi iliyoachwa ili zege litanuke na kusinyaa isijazwe kwa kitu kigumu, maana itapasuka tena.

Hatua ya saba ni vumbi. Ufagio hautoshi. Tumia mashine ya kufyonza vumbi, kisha pitisha kiganja sakafuni. Kikitoka cheupe, rudia. Baada ya hapo ndipo uchanganye rangi na kigumishi chake kwa kipimo kamili. Koroga mpaka chini ya ndoo, na uandae tu kiasi utakachomaliza kupaka kabla hakijaanza kuganda.

Hesabu ya mwenye gereji

Tuchukue gereji ya mita 3 kwa mita 6, yaani mita za mraba 18. Mwenye nayo akiruka maandalizi, anaokoa malipo ya vibarua wa siku mbili au tatu na sabuni. Rangi ikibanduka, atalipa mara tatu: rangi ya kwanza iliyopotea, kazi ya kuikwangua ambayo ni ngumu kuliko kuandaa sakafu tupu, na rangi ya pili. Hapo hatujahesabu siku ambazo gereji ilifungwa na wateja wakahamia kwa jirani. Kwa hesabu ya kichumi, maandalizi ndiyo bima yenye bei ndogo zaidi katika kazi yote.

Kwa mkulima, jambo la kwanza ni kujiuliza kama epoksi inahitajika. Ghala la mahindi linahitaji kwanza sakafu kavu isiyo na nyufa za kujificha wadudu. Zege lililochanganywa kwa maji ya kiasi, likamwagiliwa vizuri na kutandikwa nailoni chini, linaweza kukutosha bila rangi yoyote. Epoksi ina maana zaidi pale panapomwagika maziwa, mafuta au dawa, na panapohitaji kuoshwa kila siku. Hapo napo mwombe fundi achanganye mchanga kidogo juu ya rangi, kwani sakafu inayong'aa ikilowa inateleza, na ng'ombe aliyeanguka ni hasara kubwa kuliko ndoo ya rangi.

Joseph Aspdin hakuacha utajiri mkubwa. Aliacha kiwanda kwa mwana mmoja, akamkana mwingine, na jina lake likabaki katika vitabu vya wahandisi. Huyo aliyemkana ndiye aliyeifanya saruji iwe imara kweli, kwa kusaga kile ambacho wengine walikitupa. Lakini alikosa kile alichokuwa nacho baba yake: uvumilivu wa kukaa mahali pamoja, kulipa wadai na kulea biashara kwa miaka 20. Mmoja alikuwa na msingi bila moto, mwingine alikuwa na moto bila msingi.

Kabla hujamlipa fundi anayekuahidi sakafu ya kung'aa ndani ya siku moja, muulize atapima vipi unyevu, na ataondoaje mafuta na utando. Akikosa jibu, funga pochi yako.